Ukucha Mmoja Chini ya Mstari

Katika mto ule wa mpakani, kila nchi ilikuwa na nguzo yake ya kupimia maji, na mkataba ulikataza mtu kusoma nguzo ya kwao. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Sikudhani alipandisha khanga hadi magotini, akavuka kwa heshima zote za kibalozi, akasoma nguzo ya jirani. Matolo wa ng'ambo naye alivuka kuja kusoma ya huku.

Asubuhi hiyo mji mzima ulimsindikiza hadi ukingoni, na majembe mabegani. Maji yakishuka chini ya mstari mwekundu wa nguzo, pande zote mbili hufunga mifereji kwa siku saba. Vitunguu vya mji, vya Sikudhani vikiwemo, visingefika siku ya nne.

Alivuka, akachuchumaa, akatazama. Yalikuwa chini kwa ukucha mmoja; akainua kidole kuwaonyesha watu wa kwao.

"Wifi, ukucha tu!" mke wa kaka yake alimpigia kelele. "Sema yamegusa!"

"Na walio huko mto unakoishia, wanywe huo ukucha?"

Akasimama wima kama hakimu. "Chini ya mstari!"

"Chini!" Matolo akaitikia kutoka ukingo wa pili.

Wakapishana katikati ya mto. Sikudhani akapita kati ya majembe, akazungusha gurudumu la lango la maji mpaka mfereji ukanyamaza. Kisha akaketi juu ya lango, miguu ikichuruzika maji, akatazama ng'ambo. Matolo alikuwa ameshika gurudumu lake kwa mikono miwili, bado hajalizungusha, na watu wa kwao walikuwa wamemzunguka.