Vishikwambi vya Kabatini

Mche wa sabuni ulitetemeka juu ya tranka, na matroni Grasiana, aliyekuwa anakagua bweni, akaruka nyuma akimwita Yesu. Alipotulia, akauvunja. Ndani, kwenye shimo lililochongwa kwa kijiko, kilikuwamo kisimu kidogo cha vitufe.

Simu shuleni! Na siku gani! Siku ambayo wageni kutoka mjini wameleta vishikwambi vyenye programu ya kuwasaidia wanafunzi waliokata tamaa ya kuishi.

"Twende kwa mkuu," alisema, akimvuta Husna, mwenye sabuni, kwa ukosi wa shati. "Utamwambia unaongea na nani humo."

Mkuu wa shule, Mwalimu Hiza, alikuwa bado anatafuna nyama zilizobaki kwenye pilau la wageni. Magari yao hayajafika hata Korogwe mjini, naye alishavifungia vishikwambi vyote kabatini, ufunguo akauning'iniza shingoni. Watoto wa wakulima hawa watavijulia wapi? Watavivunja bure. Mwanafunzi anayejisikia kufa, alishatangaza, aje ofisini kwa adabu, agonge mlango, aeleze sababu. Sababu ikitosha, atafunguliwa. Akili hiyo! Na mtu kama huyo ndiye analipwa mshahara.

Husna alikuwa wa kwanza kugonga, mchana uleule, kabla hata masufuria hayajaoshwa. Alisema anataka ushauri kwa ajili ya mtu wake, yuko nyumbani, Kwedizinga. Akaona haya kueleza zaidi.

"Ni mwanafunzi wangu?" Hiza alimuuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi hahusiki. Toka."

Sasa karudi, safari hii ameshikwa ukosi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Shikamoo yako kaa nayo. Simu ya nani hii?"

"Ya shangazi, mwalimu. Alinipa kama ilivyo, na majina yake yote aliyoyaandika yeye."

"Hata shangazi mtu ni kuwadi! Safi sana."

Hiza akafuta vidole kwenye kitambaa cha meza, akafungua meseji. Zote zilikuwa za mtu mmoja: Isihaka. Basi mkuu wa shule mzima, mwenye mvi zake, akaanza kuzisoma kwa sauti ya kudeka, huku Grasiana akijishika mbavu.

"'Leo sijala. Sioni faida ya kuamka kesho.' Yarabi, Isihaka jamani! Filamu ya Kihindi hii! Na bibie akajibu: 'Usikae peke yako. Nenda ukalale kwa jirani. Niahidi asubuhi utaniandikia.' Kumbe hesabu huwezi, ila udaktari wa mapenzi unao!"

"Janaume linabembelezwa na kitoto," Grasiana alisema. "Halina hata aibu."

Asubuhi ya siku hiyo hiyo, mdomo huu huu wa Hiza ulisimama mbele ya wageni ukasoma karatasi yao: mwenzako akisema haoni faida ya kuamka, usimcheke, usimwache peke yake, mwandikie. Aliisoma vizuri, mshenzi yule, mpaka mama mmoja wa mradi akafuta machozi. Saa chache tu zimepita na hakumbuki hata neno. Labda lilimezwa pamoja na nyama.

Husna akapiga magoti sakafuni.

"Mwalimu, kuna meseji yake imeingia sasa hivi, ndiyo iliyotikisa sabuni. Naomba nimjibu neno moja tu. Nikishamaliza nichape, nifukuze, sitabisha. Kila jioni namjibu. Leo akikosa neno langu, naogopa hatafika asubuhi."

"Huyu ndiye yule mtu wako wa Kwedizinga uliyekuja kunisumbua kwa ajili yake?"

"Ndiye, mwalimu. Nisikilize, yule ni..."

"Kimya! Nimefundisha miaka yote hii, nyimbo zenu nazijua. Mapenzi hayajawahi kumuua mwanaume. Na kama jibu analitaka, nitampa mimi."

Akavaa miwani. Akaandika kwa dole gumba moja, polepole, akisoma kila neno kwa sauti ili msichana asikie vizuri: "Nimekuchoka. Unanitia aibu. Usinitafute tena."

Husna akairukia meza. Sahani ya pilau ikaanguka, na Grasiana akamdaka kiunoni akamrudisha chini. Hiza akabonyeza kutuma. Akasubiri mpaka simu ikamwambia imefika, akaizima, akavua ufunguo shingoni, akaitupa kabatini juu ya vishikwambi, vyote bado vimo kwenye maboksi yake. Akafunga.

"Kazi imekwisha," alisema. "Mwizi wa watoto wa watu amepata dawa yake."

Grasiana akampongeza. Akasema shule ingekuwa na wakuu wawili kama yeye, wasichana wangenyooka.

Hiza alifurahi. Akaketi, akajichokonoa meno, kisha akachukua simu yake mwenyewe, ile kubwa ya kugusa, aliyokuwa akiwaonyesha wageni picha zake.

"Sasa tumpigie mzazi aje akuchukue. Jina?"

Msichana alikuwa ameacha kulia. Macho yake yalikuwa kwenye kabati.

"Husna."

"Husna nani? Wapo Husna wangapi humu? Au huna baba?"

"Isihaka," akasema. "Husna Isihaka."