Ladha ya Figo

Kwetu hakuna aliyewahi kutengeneza kioo cha kukuza vitu, kwa hiyo maradhi hutambuliwa kwa ulimi. Nina stashahada ya uonjaji. Kwa miaka kumi na minne nimeonja mikojo, usaha na makohozi ya watu zahanatini, na hadi leo natapika kila nikitoka kazini. Naonja kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe, maana ulimi umeshauzoea mwili wake.

Jana Bwana Mhando, mkaguzi wa wilaya, alikuja nyumbani kumpima binti yangu Zamda, mwenye miaka tisa. Mtoto mwenye ulimi mkali huchukuliwa chuo cha uonjaji siku hiyohiyo.

"Chochote atakachokupa, sema ni maji ya chumvi," nilimwonya jikoni.

Mkaguzi akatoa kikombe cha mkojo wa vuguvugu, unatoa povu. Nilisoma karatasi iliyobandikwa ubavuni: figo, hatua ya mwisho. Zamda akanywa funda zima.

"Haya mjukuu, ni nini hicho?"

"Maji ya chumvi, babu."

"Dada yangu, huyu ulimi wake soli ya kiatu!" Mkaguzi akacheka, akafunga mkoba, akaenda zake.

Nilimkimbiza Zamda bombani, nikamsukutulisha mara tatu. Akatema, kisha akaniangalia.

"Mama, mbona ule mkojo una ladha ileile ya shavu lako nikikubusu?"

Nilijifuta shavu kwa kanga, nikamwambia asukutue tena.