Magunia Mabichi Madirishani

Toka Masasi mpaka Newala hapakuwa na mwanamke aliyejua kulipoza gari-nyumba kumshinda Isabela. Usibishe. Gari-nyumba lenyewe lilikuwa moja tu pande zote zile, na yeye ndiyo kwanza alilipanda siku hiyo.

Lilikuwa la Padri. Lori kuukuu lililosalia Nachingwea mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa. Fundi wa misheni akalijengea chumba cha mbao mgongoni, na kitanda, na jiko, na pipa la maji, na madirisha mawili ya vioo. Padri akisafiri alilala humo kama kobe. Leo amemwazima Isabela, amrudishe mumewe nyumbani Mkunya.

Benedikto alikuwa hospitalini Masasi tangu mvua zilipokatika. Daktari alisema mambo mawili: joto litammaliza, na moyo wake usishtuliwe. Benedikto mwenyewe alisema moja: “Nifikishe kwa Majaliwa.”

Majaliwa ni mdogo wake, tumbo moja. Waligombania mikorosho ya mpakani mpaka hata kanisani kila mmoja akawa na upande wake. Sasa Benedikto alitaka yaishe kabla pumzi haijaisha. Na Isabela hakumwomba Mungu kingine: mumewe afike nyumbani akiwa hai.

“Majaliwa anakusubiri,” alimwambia, akimfunika shuka aliyoilowesha majini.

Walter, dereva wa Padri, alitundika magunia mabichi nje ya madirisha. Kugeuka, akamwona Isabela anafunga vioo.

“Mama Cecil, sivyo hivyo. Padri huacha wazi, upepo upite kwenye gunia, ndiyo ubaridi uingie. Ukifunga utamchemsha mzee kama muhogo.”

“Vumbi litamkohoza, baba.”

“Vumbi la wapi? Gari halijatembea.”

“Basi litembee.”

Walipoingia porini, Isabela akafungua. Upepo ukapita kwenye magunia, ukaingia na ubaridi wake, Benedikto akafumba macho kama mtu aliyelazwa mtoni. Lakini kila zilipochungulia nyumba za watu, Isabela aliruka akafunga. Jasho likamtiririka mpaka kiunoni. Zikapita nyumba, akafungua. Zikatokea nyingine, akafunga. Walter huko mbele akasikia vioo vinagongwa, akatikisa kichwa.

Walipofika Nagaga, Walter alitaka kusimama karibu na soko, penye kivuli.

“Pana siafu,” Isabela alimwambia.

“Siafu, na jua hili?”

“Siafu wa Nagaga hawachagui jua.”

Walter akacheka peke yake, akaenda kusimama mbele huko, juani, pasipo na mtu wala mbuzi, bati la paa likialika kwa moto. Wakayamwagia magunia maji. Isabela akampepea mumewe kwa ungo mpaka mkono ukafa ganzi.

“Majaliwa alisemaje?” Benedikto aliuliza.

“Alisema usichelewe.”

Benedikto akageukia ukuta wa mbao.

Mlima wa Newala lori liliupanda likihema, mvuke ukitoka puani. Kule juu walikuta wanawake waliotoka kuteka maji bondeni, migongo imelowa kwa safari. Mmoja wao alikuwa Stamili, jirani wa Mkunya. Alipomwona Isabela dirishani, akatua mtungi wake, akaja na uso wa huruma.

Isabela alifunga vioo, akateremka mbio, akamwahi Stamili kabla hajalifikia gari. Wakashikana mikono muda mrefu, wananong'ona. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

“Vumbi,” alimwambia Walter, ambaye hakuwa amemwuliza.

“Nani huyo?” Benedikto aliuliza kutoka kitandani.

“Stamili. Anakuamkia. Anasema Majaliwa amekufagilia uwanja.”

“Majaliwa? Amefagia?”

“Kwa mkono wake.”

“Huyo hajashika ufagio tangu azaliwe,” alisema Benedikto. Akatabasamu kidogo, kisha akauma mdomo.

Isabela akalowesha tena shuka. Alimsikiliza kifua. Pumzi ilikuwa inakuja kwa kuombwa, lakini ilikuwa inakuja. Akamshukuru Mungu, akamwomba amwongezee barabara iliyobaki.

Mkunya walifika jua limeanza kulegea. Chini ya mikorosho ya uwanjani watu walikuwa wameketi mikekani, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Walipoliona gari wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

“Walter, mwanangu,” Isabela aliita kupitia kidirisha cha dereva, “usizime injini. Acha ingurume.”

“Mafuta ya Padri, Mama Cecil.”

“Nimesema acha ingurume.”

Akafunga kioo hiki, akafunga kile, akaegemeza mgongo mlangoni. Ndani mlikuwa kama tanuri. Shuka iliyoloweshwa ikaanza kutoa mvuke, na Benedikto akafungua mdomo akitafuta hewa. Nyayo zikakaribia. Mtu akagonga ubao, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

“Majaliwa ameteremka bondeni kukutafutia maji ya kunywa,” Isabela alisema haraka, kabla hajaulizwa. “Anarudi sasa hivi. Tulia, mume wangu. Tulia ndani humu kwanza, joto lipungue.”

Benedikto akautafuta mkono wake, akaushika.

“Fungua vioo, Mama Cecil,” alisema. “Niliambiwa hospitalini kwamba Majaliwa wameshamzika. Waache watu watupe pole.”