Kidole Gumba cha Mwenyekiti

"Jina la mwenyekiti?" niliuliza, kalamu mkononi.

"Ng'washi," wakajibu akina mama wote kwa pamoja.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Chama chao cha kulima, pale Kiseke, kilitaka mashine ya kusaga, na shirika moja la Ulaya lingeinunua mradi fomu ijazwe. Mimi mwalimu ndiye niliyejua Kiingereza.

"Umri wake?"

Wakatazamana.

"Umri upi, mwalimu?" akauliza mmoja. "Wa kabla hajafa, au wa sasa?"

Nikaweka kalamu chini. "Kumbe mwenyekiti wenu amekufa?"

"Alikufa, lakini amerudi. Mjukuu wake alipozaliwa tukampa jina lake. Subiri umwone."

Kikaletwa kitoto kichanga, kimefungwa kanga, kinanyonya ngumi. Mmoja mmoja wakainama. "Shikamoo, bibi." Nikatafuta usoni mwao ni nani anayetania. Sikumwona.

"Sasa huyu anawaongozaje?"

"Vizuri kuliko zamani! Tukigombania zamu za kulimiana, tunamweka katikati. Nani atapiga kelele mtoto amelala?"

Nikairudia fomu. Ilitaka sahihi ya mwenyekiti, au alama ya kidole gumba. Haikusema popote kwamba mwenyekiti awe na meno.

Nikaifungua ile ngumi taratibu. Kidole gumba kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, chenye joto, kimelowa mate. Nikakifuta kwa leso yangu.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema, nikakichovya kwenye wino.