Mkuyu wa Ukingoni

Shoka lilikuwa limekwisha kuuma gome mara moja Rukiyo alipofika mbio, akajibwaga kati ya mizizi na kuukumbatia mkuyu.

“Ukitaka kuendelea, Dekow, anza na mgongo wangu.”

Dekow akashusha shoka. Vijana aliokuja nao wakatazama chini.

“Hooyo, mama yangu,” alisema kwa heshima, “tunataka mtumbwi mmoja tu. Mto ukijaa, walio ng’ambo na mifugo watavukaje?”

“Mto upi? Huu ambao mbuzi wanauvuka bila kulowa tumbo?”

Kilikuwa kiangazi cha tisini na saba, na Tana ulikuwa umebaki kijito katikati ya mchanga. Rukiyo alipoolewa huku, kusini mwa Garissa, msitu wa kando ya mto ulikuwa mzito, mbega wakiruka mti hadi mti kutwa nzima bila kugusa ardhi. Wachoma makaa waliumaliza, lori baada ya lori. Ukabaki mkuyu huu, shina lake pana kama chumba, ukiwalisha mbuzi kwa makuyu yake majani yanapokwisha.

Kesi ikapelekwa kwa wazee.

“Mizizi hii ndiyo inayoshika ukingo,” Rukiyo aliwaambia. “Mkiukata, mto utakuja kulala ndani ya nyumba zenu.”

Wazee wakampa haki. Dekow hakubisha. Aliaga kila mtu kwa mkono, akaenda zake.

Oktoba mvua ilianza, na haikujua kukoma. Tana ukapanda, mwekundu, ukiburura ng’ombe na mapaa ya nyumba. Vijiji vya juu na vya chini vilimegwa vikaenda na maji. Hapa kwa akina Rukiyo, mto uliugonga mkuyu, ukarudi nyuma, ukaugonga tena. Usiku kucha watu walikaa macho wakisikia ardhi ikitetemeka. Kulipokucha, ukingo ulikuwa palepale.

Wakamjia Rukiyo na maziwa ya mbuzi waliosalia. Sheikh Maow akamwombea dua mbele ya watu wote.

“Mwanamke mmoja ameokoa kijiji kizima,” alisema. “Allah akulipe kheri.”

“Amin,” wakaitikia.

Rukiyo hakuitikia. Maziwa aliyaacha chini yakiingia mvua. Alisimama kando ya mkuyu wake, na ubavuni mwake alisimama Dekow, wote wawili wakitazama ng’ambo.

Huko, juu ya kichuguu pekee kilichosalia kikavu, Abshiro, binti wa Rukiyo na mke wa Dekow, alikuwa akipunga shuka tangu juzi, wanawe wamemshika kiunoni. Asubuhi hii kichuguu hakikuwapo.