Sahani ya Kwanza

Miaka kumi na tisa Bi Mwanakheri alionja chakula cha Mtukufu kabla mwenyewe hajakigusa. Siku ya tatu baada ya Mtukufu kutoroka, aliitwa tena ikulu. Mezani walikaa jenerali wa nchi moja na balozi wa nchi nyingine, kila mmoja akidai kwao ndiko ulikotoka ukombozi. Katikati, Waziri Sengo alikuwa akitokwa na jasho.

"Bi mkubwa, onja kama kawaida," alinong'ona. "Hawa hawaaminiani."

Bi Mwanakheri akashika kijiko. Sahani ya kwanza kuonjwa ni ya mwenye nyumba. Wageni walikwisha kuambiwa desturi hiyo. Jenerali akaisogeza yake mbele. Balozi naye akasogeza yake. Waziri akatazama chini.

Bi Mwanakheri akazipita zote mbili. Miguu ikampeleka yenyewe ilikozoea, hadi kwenye kiti kitupu cha Mtukufu kichwani mwa meza, ambako wapishi, kwa mazoea, walikuwa wamepakua. Akachota, akaonja, akameza.

Hakuna aliyecheka. Mlangoni, askari aliyefunga kitambaa cha ukombozi mkononi akabana visigino, akakipigia saluti kile kiti.