Nusu Saa Kila Jioni

"Nimeambiwa humu kuna mtu mikono inamuuma," alisema mgeni mlangoni. Alikuwa kijana mwenye tai fupi na maboksi mawili kwapani, moja kubwa na jingine dogo.

Dada hakuwa akimtarajia mtu. Aliutazama mkono wake wa kulia, uliofungwa bandeji kuanzia kidole gumba hadi karibu na kiwiko. Miaka tisa alikuwa mfanyakazi wa nyumba ile, na hakuna mgeni aliyewahi kubisha hodi kwa ajili yake.

"Mkaribishe," Mkurugenzi aliita kutoka sebuleni. "Nimemwita mimi."

Mkurugenzi aliongoza idara ya ustawi wa wafanyakazi, na hata mkewe alimwita kwa cheo. Kochi la watu watatu lilimtosha yeye na gazeti lake. Ukutani vilining'inia vyeti vinne vya kumsifu kwa kutetea wafanyakazi. Dada alivifuta vumbi kila Jumatatu.

Siku kumi nyuma, Dada alikuwa ameomba ruhusa ya wiki mbili. Mtihani wa ushonaji ulikuwa unakaribia, nao ulitaka matundu kumi ya vifungo yaliyoshonwa kwa mkono. Kwa mwaka mzima alikuwa ameingia darasani kila Jumamosi kwa ajili ya siku hiyo moja. Lakini vidole vilikuwa vinakufa ganzi, sindano inamtoka bila yeye kujua. Daktari alisema mikono ipumzike.

Mkurugenzi alimsikiliza kwa huzuni ya mtu anayelipwa kusikiliza. "Ruhusa ni suluhisho la muda," alisema. "Niachie mimi, mikono yako itapumzika. Nakuahidi kitu cha kudumu."

Sasa kitu cha kudumu kilikuwa mezani, kwa saizi mbili: mashine za kuchua misuli, zenye umbo la drili ya fundi, ila kichwani zina mpira badala ya ncha.

Muuzaji aliiwasha ile ndogo, akaipitisha taratibu juu ya bandeji ya Dada. Ilinguruma kama paka. Dada alifumba macho. Kwa mara ya kwanza mwezi ule alikihisi kidole gumba chake.

"Hii inamtosha kabisa," alisema muuzaji. "Nusu kilo tu. Anajichua mwenyewe, hamhitaji mtu."

"Na kubwa?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kubwa ina nguvu, bosi. Inaingia mpaka ndani. Ila ni kilo na robo, tena inatetemesha kweli kweli. Mtu hawezi kujichua nayo vizuri peke yake. Inataka wa kumshikia."

"Kijana, hii ni familia," alisema Mama, mke wa Mkurugenzi. "Mtu wa kushika hatakosekana."

Muuzaji akaona haya.

"Si mngenunua mashine ya kufulia tu?" aliuliza binti yao bila kuinua macho kwenye simu. "Kufua ndiko kunakomuumiza."

"Usituharibie mada," alisema Mama. "Dada, wewe usiogope gharama. Mtu ametutumikia miaka tisa, halafu tumpe kadude kama kibiriti? Watu watatucheka."

"Ndogo inanitosha, Mama," alisema Dada kwa sauti ya chini. "Kweli kabisa."

"Mnamuona?" Mkurugenzi alimgeukia muuzaji. "Ndivyo walivyo. Hata ukiwapa, wanaogopa kupokea. Ukikaa idarani kwangu utalia." Alikunja gazeti. "Mimi sipendi mambo ya nusu nusu. Fungasha kubwa."

Muuzaji alikiri kwamba ameingia nyumba nyingi, lakini nyumba kama hii alikuwa hajaiona. Binti aliinuka, akampanga Dada katikati ya wazazi wake, boksi likiwa kifuani, akapiga picha tatu. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu bandeji ilionekana sana.

"Sasa, na wewe uniahidi jambo moja," alisema Mkurugenzi, mkono wake begani kwa Dada. "Vitu hivi watu hununua kwa mbwembwe, wiki ya pili viko kabatini. Sitaki. Nusu saa, kila jioni, bila kuruka."

"Naahidi, Baba."

"Hata wiki ya mtihani?"

Dada alipiga hesabu kimya kimya. Jioni kumi na nne hadi mtihani. Jioni kumi na nne za nusu saa, na huenda vidole vikarudi, na matundu kumi yakakaa mstari mmoja. Machozi yalimlengalenga.

"Hasa wiki ya mtihani, Baba. Naahidi mbele ya mgeni."

Muuzaji aliondoka moyo umemlainika. Hatua chache nje ya geti alisimama, akampigia mama yake simu, akamwambia watu wema bado wapo.

Ndani, Dada alikuwa bado amekaa kwenye ncha ya kiti, boksi mapajani, akifungua bandeji mzunguko mmoja mmoja ili mkono uwe tayari.

"Ile chupa ya mafuta ya kuchua ya bafuni, kaitupe," alisema Mkurugenzi akifungua vifungo vya shati. "Nilisema mikono yako itapumzika, na mimi nikisema nimesema. Kuanzia leo hunikandi tena kwa vidole."

Akalala kifudifudi, akalijaza kochi lote. "Anza na bega la kushoto."

Dada aliitazama saa ya ukutani, akaishika mashine kwa mikono miwili, akaiwasha.